Injini ya Ng'onda

Mwezi uliopita nilijaza dizeli kwenye jiko la mafuta ya taa. Nakiri mapema, kabla hujasikia kwa majirani zangu wa hapa Garsen, maana wao wakisimulia hunipunguzia hata ile akili kidogo niliyo nayo. Vidumu vilikuwa viwili nyuma ya mlango, vyote vya njano, kimoja changu na kingine cha mpangaji mwenzangu mwenye pampu ya shamba. Mtu aliyemaliza kidato cha nne, aliyesoma fizikia mpaka mwalimu akamwonea huruma, angenusa kwanza ndipo awashe. Mimi niliwasha kwanza. Nilitaka chai tu, wallahi. Moshi ukapanda darini, ukashuka, ukanitafuta uvunguni nilikokwenda kuokoa viatu. Watu wakaja na ndoo. Mmoja alinimwagia mimi maji badala ya jiko, na mpaka leo hajasema kama alikosea.

Wengine wakinusa dizeli hukumbuka safari. Mimi si mtu wa safari. Nikienda sokoni nikarudi hulala kama niliyetoka kuhiji. Harufu ile hunipeleka mahali pamoja tu, uani kwetu Ozi, nikimtazama mama yangu amechutama mbele ya chuma, mikono myeusi hadi viwikoni, akinimegea muhogo bila kunawa. Muhogo ulikuwa na ladha ya mashine. Tuliula hivyo hivyo, mwezi mzima, na nadhani ndiyo sababu tumbo langu halijawahi kuogopa kitu.

Mashine yenyewe usiifikirie kubwa. Haikuwa trekta ya kupandwa. Ilikuwa ndogo, ya kutembea nyuma yake, magurudumu mawili, injini ya silinda moja kifuani, na mikono miwili mirefu iliyopinda kama pembe za ng'ombe. Ililetwa kijijini na wageni waliovaa kofia za kufanana, wakapiga picha nayo, wakaondoka. Ikalima misimu michache. Halafu siku moja ikakohoa katikati ya shamba la mtu, ikanyamaza, wanaume sita wakaiburuta hadi nyuma ya bohari ya mpunga. Nilipopata akili ya kukumbuka mambo, ilikuwa tayari banda. Kuku walitaga kwenye sanduku la spana, nyigu walijenga ndani ya bomba la moshi, na sisi watoto tuliiendesha hadi Mombasa na kurudi kila jioni bila kusogea hata hatua.

Baba alifariki mimi nikiwa wa darasa la pili. Alituachia nyumba, mtumbwi, na shamba la mpunga kando ya mtaro. Na hapa lazima nikueleze jinsi tunavyolima kule chini, mdomoni mwa Tana, kwa sababu hata watu wa Garsen hawaamini. Kwetu maji huletwa na bahari. Kila bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida pale Kipini, husukuma mto urudi nyuma, na maji matamu yakapanda mitaroni na kuingia mashambani yenyewe, bila pampu, bila kuombwa. Kazi ya mkulima ni kuwa tayari. Shamba liwe limegeuzwa lote, maji yakija yapate pa kukaa, miche ipandwe. Bamvua ya kupandia ikikukuta hujalima, umekwisha mpaka msimu mwingine.

Na wazee wa gasa, baraza letu la Kipokomo, walikuwa na sheria yao. Shamba likilala misimu miwili mfululizo linarudi mikononi mwao, wampe mwenye nguvu. Letu lilikuwa limelala mmoja, kwa sababu mama alikuwa ndani akikaa eda ya baba wakati wenzake wanalima. Eda ilipoisha, mafuriko yakapita, yakaacha majani yenye mizizi iliyosukana kama mkeka. Mama aliingia na jembe. Baada ya wiki mbili alikuwa amefungua kona moja, na kiganja chake kilikuwa kimefunguka zaidi ya shamba.

Jirani yetu wa nyumba na wa shamba alikuwa Baba Maro, binamu wa marehemu baba. Hakuwa mtu mbaya, nasema hivyo leo. Siku zile nilimwona kama mamba aliyefunga msuli. Alikuwa na wana watatu wakubwa, wote wana mikono mirefu na hana udongo wa kuwapa. Alikuja uani kwetu, akasimama, akakataa kiti.

"Shemeji, sikufichi," alisema. "Msimu huu ukipita nitaliomba lile shamba kwa wazee. Nakwambia mapema ili usije ukanichukia baadaye."

"Acha nikuchukie sasa hivi, Baba Maro," mama akamjibu, "tusichelewe."

Kesho yake mama alikwenda barazani kwa wazee, jambo ambalo wanawake wa kwetu hawakuwa wakilifanya bila kuitwa. Nilimfuata kwa nyuma. Wazee walikuwa wamekaa kwenye ukumbi wa bohari, na habari iliyokuwa mbele yao, kwa bahati, ilikuwa trekta yenyewe. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameitaka. Mama akasema asiuziwe. Apewe yeye, aitengeneze, alime shamba lake, kisha kijiji kizima kiitumie.

Kicheko kilichotoka pale kiliwaamsha kuku sandukuni.

"Mwanamke, unajua injini inaanzia wapi?" mmoja aliuliza.

"Sijui. Ninyi mnaojua mmeifanya nini? Miaka yote hii kazi yake ni kutagiwa."

Mzee mkubwa wao alikuwa ameanza kucheka, akajifuta macho. Akampa mpaka bamvua ya mwezi ujao, ile ya kupandia. Asubuhi hiyo wazee wangekuja shambani kutazama. Likiwa limegeuzwa lote, shamba ni lake na hakuna atakayeuliza tena. Likibaki hata kipande, lote linakwenda kwa Baba Maro na trekta inakwenda kwa mtu wa vyuma. Nadhani alimkubalia kwa ajili ya burudani. Kijijini hakukuwa na televisheni.

Watu walidhani ataificha aibu yake nyuma ya nyumba. Mama aliiweka trekta mbele ya nyumba, pembeni kabisa mwa njia ya kwenda kisimani, mahali ambapo kila mwenye miguu lazima apite. Na alipopata fundi, manung'uniko ndiyo yakapata chumvi, maana fundi mwenyewe alikuwa Godana, kijana wa Kiorma kutoka Bura aliyekuwa Kilelengwani, kijiji cha jirani, akitengeneza pampu za watu. Mjane, kijana, tena wa watu wa ng'ombe. Walimwuliza mama tangu lini mchungaji akajua trekta. Walimwuliza kama wanaume wa Kipokomo wamekwisha. Mama alisema anayeona aibu kupita pale apitie majini, viboko watampisha.

Godana alikuja na pikipiki, na mfuko wa spana umefungwa kwa kamba ya kufungia ndama. Alikubali kulipwa mpunga ukivunwa. Ukoo wake wote ulikuwa wa ng'ombe, ila yeye alisema ng'ombe walimkataa. Alikuwa akiwapeleka kaskazini, wao wanakwenda kusini, mpaka babake akamwambia akatafute mnyama asiye na akili. Akaipata injini. Alikuwa na tabia ya kuigonga kwa kifundo cha kidole na kuweka sikio, kama mtu anayenunua tikiti maji.

"Mama, hii pistoni iko na kutu, imeshika," alisema siku ya kwanza. "Lakini ndani hajavunjika. Tutamwamsha pole pole."

Walitoa nyigu kwa moshi, wakatoa manyoya, wakatoa yai moja lililokuwa na umri wangu. Kila boliti iliyofunguka mama aliiosha kwa dizeli, akaipanga kwenye ungo wa kupepetea mpunga kwa mpangilio ilivyotoka, na ole wako upite karibu na ule ungo ukiwa na upepo. Kila jioni walimimina dizeli iliyochanganywa na mafuta ya nazi juu ya pistoni, na kila asubuhi Godana aliweka kipande cha mti juu yake na kukigonga kwa nyundo. Siku sita haikutingishika. Siku ya saba ilishuka upana wa ukucha. Mama alipiga kigelegele pale pale njiani, peke yake, akaendelea mpaka Baba Maro akatoka na upande mmoja wa shati kuuliza nani ameolewa.

Ringi za pistoni zilikuwa zimekwisha na gasketi ya kuzibia kichwa cha injini ilikuwa imegeuka karatasi ya sigara. Godana akasema atakwenda Malindi kuzitafuta, na huenda akachukua siku kumi au zaidi. Kabla hajaondoka alipiga spana kwenye lile tanki la maji lililo juu ya injini, linaloipoza isichemke kupita kiasi. "Mtie maji hapa kila siku," alisema. "Tuone kama anavuja. Na kutu ya ndani italegea, mtamwaga." Mama alikuwa shambani na jembe lake tangu alfajiri, akigombana na ile mizizi kipande kwa kipande. Kazi ya maji akanipa mimi.

Basi nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipoonyesha kipaji changu.

Mto wetu wa kule chini una maji mawili. Kiangazi bahari huingia chini kwa chini, nzito, na maji matamu ya Tana huelea juu yake. Mwanamke yeyote wa Ozi anajua hilo kabla hajajua kusuka. Unateka kwa kata, polepole, juu juu, unaonja, ndipo unajaza dumu. Mtoto akizamisha dumu zima anapigwa, kwa sababu ataleta chumvi nyumbani. Nilijua. Usinitetee kwa kusema nilikuwa mdogo na sikujua. Nilijua kuliko yule fundi wa Bura, ambaye maji yao huja kwa mfereji yakiwa na ladha moja kutoka Januari hadi Desemba.

Ila nilikuwa nimefikiri. Huo ndio ugonjwa wangu hadi leo, nikikaa peke yangu nyumbani nafikiri. Nilikuwa nimemwona mama akitengeneza ng'onda. Samaki mbichi anaoza siku moja. Samaki yule yule ukimpasua ukamjaza chumvi, anakaa miezi, hachukuliwi na funza, hanuki ila ile harufu yake ya kujivunia. Na kutu ni nini kama si kuoza kwa chuma? Injini hii imeoza kwa sababu hakuna aliyeitia chumvi. Nikashangaa kwamba watu wazima wote wale, na fundi na pikipiki yake, hawajaliona jambo jepesi namna hiyo. Nikaamua nisiwaambie. Nilitaka siku injini itakapokuwa nzima kuliko walivyotarajia ndipo niseme ni mimi.

Nilifunga jiwe kwenye dumu dogo kwa kamba ya mnazi, nikaenda pale kwenye kina, nikalizamisha mpaka kamba ikaisha. Nilipolivuta nilionja, nikatema. Chumvi safi. Nikaenda kuinywesha injini. Kila siku nilifungua koki ya chini, nikamwaga ya jana, nikatia mapya, na kila siku yaliyotoka yalikuwa mekundu zaidi, kama chai ya rangi, kisha kama damu ya mbuzi. Nilifurahi sana. Nilijua ugonjwa unatoka.

Siku kumi na mbili niliifanya kazi hiyo kwa uaminifu ambao sijawahi kuuonyesha tena katika maisha yangu, wala shuleni, wala kazini.

Godana alirudi na ringi na gasketi zimefungwa kwenye shuka, ikiwa imebaki siku mbili bamvua iingie. Walifanya kazi mchana kutwa. Kesho yake adhuhuri injini ilikuwa imefungwa yote, ungo ni mtupu, na watu wamejaa njiani wakijifanya wanakwenda kisimani. Mama akatia tankini maji ya dumu nililoteka mimi. Tukasikia mlio mdogo, kama mtu anayekojoa nyuma ya ukuta. Ubavuni mwa injini kulikuwa na kifuniko cha bati cha mviringo, ukubwa wa shilingi, kilichoziba tundu la maji. Kilikuwa kimeliwa kikabaki kama jani lililotobolewa na wadudu, kimezibwa na kutu tu mpaka nyundo za jana zikaiangusha. Godana alikigusa kwa kidole, kidole kikaingia.

Alichukua yale maji, akayaonja, akatema mbali.

"Hii maji ni chumvi!" alisema. "Nani ameweka chumvi kwa injini? Wiki mbili mimi sipo, mtu amekuja kuweka chumvi!"

Mama aligeuka akatazama nyumba ya Baba Maro. Kisha akaokota kile chuma kilichopinda cha kuwashia injini akaenda nacho. Njia nzima ya kisimani ikamfuata.

Baba Maro alikuwa ameketi mlangoni akisuka mgono wa kutegea samaki. Aliona chuma kwanza, mama baadaye.

"Baba Maro! Chumvi uliyotia kwenye injini yangu ilikuwa ya mboga gani?"

"Chumvi?" Baba Maro alinyanyua mikono, ukindu umening'inia vidoleni. "Shemeji, mimi chumvi hata hospitali wamenikataza! Waulize wanangu, nakula mchuzi kama maji ya kuoshea mchele."

"Uliniambia kwa mdomo wako unalitaka shamba."

"Nalitaka! Nalitaka mpaka kesho! Lakini nitalichukua kwa wazee mchana kweupe, si kwa kumwibia mjane maji ya injini. Unanijua mimi mwizi?"

Watu walikwisha chagua upande. Wengine wakasema anajulikana huyo, wengine wakasema mama amepagawa na mafuta ya mashine. Mmoja wa wale wana watatu alitoka ndani na panga, la kukatia ukindu au la kukatia mengine sijui. Mimi nilikuwa mbele kabisa, kwa sababu nilitaka kuona. Na nikiwa nimesimama pale nilielewa mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, chumvi haikuihifadhi injini, imeila. La pili, mamba yule niliyemwogopa hakuwa amefanya kitu, na mama yangu alikuwa amemshikia chuma kwa ajili ya akili zangu.

Nikasema, "Ni mimi."

Hakuna aliyesikia. Nikasema tena, kwa sauti iliyopanda mpaka ikawa ya mbuzi. Ndipo wakanyamaza. Nikaeleza yote, jiwe, kamba, kina, ng'onda. Nilipofika kwenye ng'onda mtu mmoja nyuma alianza kukohoa, na kumbe hakukohoa. Kicheko kikaja kama maji kwenye mtaro, kikajaza ua wote. Yule kijana mwenye panga alilazimika kuketi. Godana, ambaye siku zote alikuwa na adabu zake, alijifunika uso kwa kofia.

Mama hakucheka, wala hakunipiga. Alinitazama muda mrefu hivi, kama anayetafuta mahali palipovuja. Kisha akakitua kile chuma chini.

"Nimekukosea, Baba Maro," alisema, na watu wote wakasikia. "Nimekukosea mbele ya watu, nakuomba radhi mbele ya watu. Lakini shamba bado ni langu."

"Shamba lipi?" Baba Maro alisema, nusu hasira, nusu kicheko. "Pale hakuna lako wala langu tena, shemeji. Mafuriko yamefuta mipaka, ni pori moja lile. Nenda ukalilime kwa ng'onda yako."

Tulirudi uani. Godana alisema kifuniko kama kile hakipatikani hata Garsen, labda Malindi, na Malindi kwenda na kurudi, na kukitafuta huko, bamvua itakuwa imeingia na kutoka. Akaanza kukusanya spana. Alisema pole mara tatu. Mama alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, anatazama lile tundu. Kisha akainuka akaenda pale ulipolala mtumbwi wa baba, akarudi na kipande cha mti wa mkoko na kisu.

Akaanza kuchonga. Kigingi kifupi, chembamba mbele, kinene nyuma. Alikizungushia kitambaa cha pamba kilichochovywa mafuta ya nazi, jinsi wanavyoziba mtumbwi uliotoboka.

"Mama," Godana alisema taratibu, kama anavyosemeshwa mgonjwa, "injini siyo mtumbwi."

"Mtumbwi unazuia maji yasiingie, hii inazuia yasitoke. Maji ni yale yale. Shika hapa."

Alikigonga kwa nyundo, kikazama, kikakaa. Akatia maji. Yakadondoka tone, tone, tone. Akasema mti ukinywa utavimba. Tukakaa tukitazama kigingi kikinywa. Alasiri matone yalikuwa yanakuja moja kwa muda wa kumenya ndizi. Jua lilipokuwa linashuka Godana alipitisha kidole, akakitazama kidole, akazitoa spana tena mfukoni.

Maji ya kutia niliyateka mimi, maana mama alisema aliyeharibu ndiye atakayeleta. Kwa kata, juu juu, na kila dumu nililolifikisha ilinipasa ninywe kikombe kizima mbele yake kabla halijakwenda tankini. Siku ya kulima nilikuwa nimevimba kuliko kile kigingi.

Injini iliwaka asubuhi ya bamvua yenyewe, baada ya Godana kuizungusha mpaka shati likamganda mgongoni. Mama alikuwa ameshika kikono kidogo cha juu kinachoifungulia injini pumzi izunguke kwa wepesi, Godana alipopiga kelele "Achia!" alikiachia, ikapiga chafya, ikatoa moshi mweusi na kitu kama unyoya uliobaki, kisha ikashika. Tu-tu-tu-tu-tu. Sijui kama ulishawahi kusikia injini ya silinda moja kwa mara ya kwanza ukiwa umesimama peku kwenye tope. Inakuja kwa nyayo. Mama alishika zile pembe mbili akaondoka nayo, na nusu ya mstari wa kwanza haikuwa yeye anayeiendesha, ilikuwa ikimburuta kama fahali, kanga moja imekwisha anguka, anapiga kelele ambazo hazikuwa na maneno. Godana alikimbia pembeni akimwambia ageuze, ageuze. Mama akageuza. Ile mizizi iliyomtoa damu wiki baada ya wiki ikawa inapanda juu na kulala chali, mstari kwa mstari, myeusi, inang'aa.

Wazee walikuja wakaketi kwenye tuta la mtaro. Hawakucheka safari hii, walikuwa wakiangalia mtaro. Maji yalishaanza kurudi. Yanakuja kimya, unaona tu majani yaliyokuwa yakielekea baharini yamesimama, halafu yanakuja kwako. Kila mzunguko nilikimbia na dumu kujaza tanki, maana maji yalichemka na kile kigingi kilikuwa kimeanza tena kutoa matone. Mvuke ulinichoma mkono, hapa, bado kuna alama. Adhuhuri likabaki eneo kama la nyumba mbili, upande wa Baba Maro, na maji yakawa yamefika mdomoni mwa shamba. Mama hakusimama hata kunywa. Alikuwa hatazami wazee, hatazami mtu. Mstari wa mwisho aliulima maji yakiwa tayari yanaingia nyuma yake, yanaujaza kila mstari alioufungua, na injini ilipofika ukingoni Godana akaizima, sote tukabaki na masikio yanayovuma.

Mzee mkubwa aliinuka. Akatembea kutoka kona hadi kona, akatazama kama kumebaki kipande. Hakikubaki. Akageuka kwa Baba Maro, aliyekuwa amesimama kwenye tuta tangu asubuhi amefunga mikono kifuani, wanawe watatu nyuma yake, akamwuliza mbele ya wote kama bado ana la kudai juu ya ardhi ile.

Baba Maro alishuka kwenye tuta, akaingia matopeni na viatu vyake, akapita mbele ya mama bila kumtazama, akaenda hadi kwenye ile mistari ya mwisho. Akahesabu hatua kutoka mtaroni, zile za mpaka wa zamani, midomo ikicheza. Akasimama. Akachomeka mguu wake kwenye udongo uliogeuzwa, akamnyooshea mama kidole.

"Shemeji, kwako kumeishia hapa niliposimama; hii mistari miwili umenilimia shamba langu, na mimi sikukuomba."